Dakika Tatu za Foni

Juzi simu yangu iliishiwa unité za kupigia nikiwa katikati ya maneno na binti yangu aliye Lubumbashi. Nilibonyeza nikakopa, kama tunavyofanya wote siku hizi. Mashine haikuniuliza nazungumza na nani wala nyumbani kuna nini. Ilinipa, ikanishukuru, na kesho yake ikajilipa yenyewe kabla sijanywa chai. Nilicheka kidogo peke yangu, kisha nikamkumbuka mwenye foni.

Wewe uliyekulia Bukavu miaka ya Zaïre unaijua foni: ile redio ya kuzungumzia, sanduku la chuma lenye betri ya gari chini yake na waya mrefu uliopanda hadi juu ya mti wa avoka. Yetu ilikuwa Kadutu, nyuma ya duka moja la chumvi na sabuni. Kila Alhamisi bibi alinishika mkono tukateremka kwenda kusikia sauti ya baba, aliyekuwa fundi wa mashine za kusaga unga kule Shabunda, ambako kutoka kwetu ulifika kwa ndege au hukufika. Kwenye foni mmoja anasema, mwingine anangoja. Ukimaliza unasema "à vous", unaachia kifungo, na zamu inakwenda upande wa pili. Bibi hakuikubali hiyo hata siku moja. Kwake salamu za Kishi, lugha yetu, hazikatwi katikati. Aliuliza habari za mwili, za usingizi, za kazi, zote kwa mfululizo, na watu wa kwenye benchi walicheka, maana foni haikuwa na siri. Aliyekuwa kwenye foni ya Mwenga alisikia, aliyekuwa kwenye ya Katana alisikia. Tulijua ng'ombe wa nani amezaa na mume wa nani hatumi kitu nyumbani.

Dakika tatu tulizolipia zikiisha kabla salamu hazijaisha, mwenye foni alimkopesha nyingine tatu. "Maman, utaleta siku utapata." Tulimpelekea sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa, wakati mwingine ndizi mbivu kutoka Nyangezi, shambani kwa bibi. Njiani mimi nilikula wawili watatu, nikakana. Bibi hakunipiga. Alisema uongo hufika wa kwanza kwa sababu hauna mzigo; kweli huchelewa, imejitwika.

Msimu mmoja wa mvua bibi aliugua kifua, na mama akampigia baba foni: mama yako ni mgonjwa sana, kuja. Lazima nikueleze kwamba kwetu kifo hakikutumwa kwa foni. Haikufaa mtu aangukiwe na habari ile mbele ya watu wasio wake, safari ikiwa bado iko mbele. Aliitwa kama kwa mgonjwa, na mwenye akili alielewa. Baba alielewa. Aliacha kazi, akapanda ndege juu ya magunia, akafika macho yamemvimba, akamkuta mama yake uani anapepeta maharage. "Ulikuja kunizika?" bibi akamwuliza. "Basi kwanza nisaidie na hizi." Tulicheka wiki nzima. Patron wa baba hakucheka.

Mwezi uliofuata, siku ya Ijumaa, bibi alikufa kweli.

Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya mtaa mzima. Asubuhi ile maduka yalifungwa, kila mtu yuko kwenye mtaro na jembe lake, na mwenye foni naye alikuwa ndani ya matope hadi magotini. Mama hakuthubutu kumtoa katika kazi ya serikali. Ni mkubwa wa avenue, wa mtaa wetu, aliyeona namna mama alivyojifunga kitambaa kiunoni kama mfiwa. Akamwambia yule bwana, "Citoyen, acha jembe. Nenda umufungulie."

Walioacha majembe walitufuata na matope yao miguuni. Shabunda wakatuma mtu kumwita baba, tukangoja. Mwili haungeweza kupita Jumapili, na baba alikuwa mtoto wa pekee wa bibi.

"Mama yako iko mugonjwa sana," mama akasema. "Kuja leo. À vous."

"Mugonjwa kama ile ya mwezi jana?" Sauti ya baba ilikuwa imechoka. "Patron alinikata siku nne. Ndege ya leo imejaa. Nitaona ile ya Jumatano. À vous."

Mama akarudia yale yale, na baba naye yale yale. Jirani yetu akanisukuma mbele, akaninong'oneza nimsalimie baba, nimwambie koko, ndivyo tulivyomwita bibi, anamuulizia. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimeona bibi akioshwa. Nikabonyeza kifungo.

"Papa, koko alikufa jana. À vous."

Jirani alinipiga kofi la mdomo. Foni ikakoroma peke yake. Halafu ikaja sauti ambayo haikuwa ya baba: "Pole, Bukavu. Hapa Mwenga. À vous." Halafu Katana. Mwisho mwenye foni wa Shabunda: "Bukavu, papa iko chini, tunamushika. Kuna mutu wa ndege ya leo anamuachia nafasi yake. À vous."

Jumapili baba ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Mimi hakunishukuru. Nadhani aliona haya kwamba watu wa kazi yake walimwona akianguka. Lakini tangu hapo, kila mara mama alipotaka kumpa habari nzito kwenye foni, baba alisema, "Nipe ule mudogo. Yeye aseme." Na tulipopeleka ndizi kulipa dakika za siku ile, mwenye foni alizirudisha. Alisema dakika zile hakuzikopesha.

Leo pale nyuma ya duka wanauza vifuniko vya simu. Mti wa avoka ulikatwa. Mtaro wa salongo umejaa chupa za plastiki, na kila mmoja anamngoja mwenzake aingie.

Nilikuwa na miaka ishirini tulipoitwa mara ya mwisho kwenye foni ile. Shabunda walisema papa yenu ni mgonjwa sana, mukuje. Nikabonyeza kifungo, nikauliza kama amekufa. "Mugonjwa sana," mwenye foni wa Shabunda akarudia polepole. "À vous."

Sikumkasirikia, alifanya kama ilivyopasa. Ila nilitamani upande ule kungekuwa na mtoto.