Mtani wetu alibanwa na moyo msibani Temeke, sie tukamcheka

Wakuu, marahaba. Nimeitikia kabla hamjasalimia kwa sababu nakaribia miaka tisini, na sidhani humu yupo ninayepaswa kumwamkia. Mjukuu wangu nesi ndiye anayechapa, mie naongea tu. Haya ni ya kweli, asiyeamini akalale.

Nilikuwa mke kijana hapa Temeke, Mwingereza bado anatutawala. Baba mkubwa wangu akafariki kwa homa, msiba ukawekwa kwetu.

Sie Wazaramo watani wetu ni Wanyamwezi. Kwa nyie mliolelewa na simu: mtani msibani ana ruhusa ya kufanya upuuzi wowote. Anamwigiza marehemu, anaficha sufuria, anazuia kaburi lisichimbwe. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kasoro.

Mtani wetu mkuu alikuwa Mihayo, jirani, muuza mkaa wa Pugu. Mnene, sigara haimtoki mdomoni, na akiuziwa nyama isiyo na mafuta anauliza kama ng'ombe aliugua. Nilimpenda sana yule mzee, ila sikuwahi kumwambia neno moja jema. Utani hauruhusu.

Siku ya pili Mihayo akamwigiza baba mkubwa anavyokoroma, watu hoi. Kisha akashika kifua, akaketi kwenye jamvi.

"Kifua kinabana," akasema. "Kama nimekaliwa na gunia la mkaa."

Tukacheka mpaka machozi. Mtu akamwambia, "Kufa basi, pilau iko tayari." Mwingine akachukua fito akampima urefu.

Akasema mkono wa kushoto unauma hadi kwenye taya. Tukamsifu kwa ufundi. Shangazi akamletea maji ya tangawizi, akidai ni kiungulia cha uroho.

Nami nikamtupia tusi letu la kila siku, la babu zao wapagazi: "Amka, Mnyamwezi, mzigo wa pembe unakungoja Tabora." Jibu lake lilikuwa lile lile miaka yote, kwamba Mzaramo akikosa nazi hawezi hata kuchemsha maji.

Hakujibu.

Nikarudia. Akanitazama tu. Kilikuwa kipupwe, sie tumejifunika kanga, yeye shati limelowa jasho. Nilipomgusa alikuwa wa baridi.

Nikasema huyu anakufa kweli. Wakanicheka na mimi, eti nimezidiwa utani. Basi nikaishika sufuria ya pilau, nikaimwaga yote mchangani. Hapo wakamkimbilia Mihayo. Mzaramo hamwagi pilau kwa mzaha.

Tukampakia kwenye lori la mkaa mpaka hospitali mjini. Daktari akasema mshipa unaolisha moyo umeziba, na tungechelewa kidogo tungezika wawili. Alilazwa muda mrefu, akatoka amenuna kwa sababu wamemkataza sigara.

Akaishi miaka mingi. Kila asubuhi akipita nilimtukana kabla ya salamu. Akijibu la nazi, mie nakwenda kunywa chai yangu kwa amani.

Mjukuu ananisukuma niwaambie: sigara, presha, sukari na mafuta ndivyo vinavyoharibu mishipa. Na dalili si kifua peke yake. Wengine, hasa wanawake, hupata kichefuchefu, pumzi kukatika, uchovu usio na sababu. Msikae mnakunywa tangawizi, kimbieni hospitali.

Mihayo hakupita asubuhi moja, Uhuru ulishakuja. Nikaenda dirishani kwake, nikatukana mara mbili. Kimya. Mkewe akafungua mlango, akanishika mkono, akanipeleka kwa marehemu.

Msibani kwake zamu ilikuwa yangu. Nikamwigiza anavyovuta sigara kwa kujificha, kisha nikalala jamvini, nikashika kifua. Hakuna aliyecheka. Mkewe akaniinamia, macho mekundu, akasema, "Mzaramo, nazi zimekwisha."

Nikamjibu upesi kwa lile tusi la Tabora, ndipo watu wakacheka. Mie nikalia.

Kwa hiyo wakuu, mtu wenu wa maneno mengi akinyamaza ghafla, acheni kicheko mmtazame vizuri. Mliopatwa na haya semeni hapa chini. Na nyie Wanyamwezi tukaneni tu, nikichelewa kujibu mpigieni mjukuu.