Mkeka wa Kili Nane

Zubeda binti Hamza bin Jabiri, wa Masaki, Kisarawe. Babu yake Jabiri ndiye aliyefyeka pori akapanda mikorosho ambayo mpaka leo inaitwa ya Jabiri, ingawa wanaookota korosho zake hawajui alikuwa nani. Baba yake Hamza alichimba kisima kwa mikono yake na akakataa kukitia kufuli. Mama yake, Tunu binti Adamu, alitembea kwa miguu mpaka mabonde ya Kwala kukata ukindu wa kusukia mikeka, huko ambako siku hizi makontena yamepangwa kama viberiti dukani. Alirudi na mzigo kichwani na mimba tumboni, na mimba yenyewe ndiyo Zubeda. Kwa hiyo mtu akisema Zubeda alifundishwa kusuka, hajui asemalo. Huyo alibebwa pamoja na ukindu.

Shule alisoma mpaka darasa la saba, wala si haba kwa mtoto wa kike wa enzi zile. Kilichomponza ni hesabu za sehemu. Mwalimu aliandika ubaoni tatu ya nane jumlisha mbili ya nane, naye akajibu tano ya kumi na sita. Alijumlisha juu, akajumlisha na chini, kama mtu mwadilifu asiyependa ubaguzi. Alichapwa kiganjani mbele ya wenzake, na hakuna aliyemweleza kosa lake. Miaka ikapita. Akaolewa, akazaa, akazika, akasuka mikeka hata asijue ni mingapi, na ile hesabu ikabaki ndani yake kama mwiba uliozoeana na nyama.

Mkeka mmoja tu nyumbani kwake hakuusuka yeye. Ni wa mama yake. Una kili nane, yaani mikanda minane ya ukindu, kila mmoja umesukwa peke yake kwa urefu na upana uleule, kisha ikaunganishwa kwa uzi na shazia, ile sindano ndefu ya mikeka. Ulikaa juu ya kabati umeviringishwa, na wanawe walishausiwa: nikifa mnilaze juu ya huu.

Mara mojamoja, baada ya swala ya adhuhuri, jua likiwa limewanyamazisha hata kuku, alikuwa akiutandika na kujinyoosha. Usingizi ukimchukua, vidole vya mama yake vilikuja. Havikuja na uso, vidole tu, vikipitisha zambarau chini ya kijani, kijani chini ya nyeupe, na ukindu ulitiririka kati yake kama maji ya Ruvu. Zubeda alihesabu pamoja navyo, mpaka hesabu ikayeyuka na yeye mwenyewe akawa sehemu ya msuko.

Hivyo ndivyo alivyokutwa na Atupele, mwalimu wa hesabu kutoka Tukuyu, aliyepanga chumba cha uani kwake. Atupele aliutazama mkeka mpaka akasahau kuamkia. Alipokumbuka, akaeleza shida yake. Kulikuwa na semina Misugusugu, upande wa Kibaha, ya kuwaonyesha walimu jinsi ya kufundisha hesabu, sayansi na Kiswahili kwa vitu vya sanaa: vinyago, vyungu, khanga, picha. Kila mwalimu aende na kitu, afundishe watoto wa huko wenzake wakimtazama. Yeye hana kitu. Je, Bibi angemwazima?

"Mkeka huu hauendi mahali bila mimi," Zubeda akamwambia. "Na mimi siendi mahali pasipo na chai, hata huko kwenu kwenye baridi."

Huko Misugusugu chai ilikuwepo. Lakini alipomaliza kuinywa, mkeka aliukuta umebanwa ukutani kwa vibanio vya nguo, kama picha ya mgeni rasmi. Watoto wa darasa la tano walikaa mbali kwenye madawati, wakaambiwa watazame, wakasema mzuri. Atupele akawauliza tatu ya nane na mbili ya nane. Binti mmoja mwembamba, Ashura, akaenda ubaoni akaandika tano ya kumi na sita.

Wenzake wakamcheka. Kule nyuma, kiganja cha Zubeda kikawasha.

Mwalimu Ponsiano, msimamizi wa semina, mtu mpole, alimwambia Atupele kwamba urembo unaonekana ila hesabu haionekani. Labda waukate vipande vinane, watoto wavishike. Akatoa mkasi mezani.

Zubeda akasimama. "Mkeka haukatwi, Mwalimu. Hufumuliwa."

Akauteremsha, akautandika sakafuni, akamwita Ashura avue viatu aje akae. Kisha akatafuta fundo la kwanza. Alijua anachofanya. Ukindu upo mwingine, lakini uzi ule ulipita katika vidole vya Tunu, na vidole vile vipo udongoni miaka arobaini. Akavuta. Uzi ukatoka polepole, mkavu, na chumba kikamwendea mbali. Sauti za walimu zikawa kama mvua ya kijiji kingine. Ilimjia kama ndoto ya mchana, ila safari hii vidole vilikuwa vyake, na vilikuwa vinarudi nyuma. Mpaka kili zote nane zikawa zimelala kando kando, huru.

"Nipe tatu," akamwambia Ashura. Akapewa. "Niongeze mbili. Nimeshika ngapi?"

"Tano."

"Tano za mkeka wa kili ngapi?"

Ashura akazitazama za mkononi, akazitazama zilizobaki chini. Akageuka mpaka ukutani, kama anautafuta mkeka wa pili. Haukuwepo.

"Nane, Bibi. Mkeka si ni uleule mmoja?"

Akaenda mwenyewe ubaoni, akafuta kumi na sita kwa kiganja, akaandika nane. Ponsiano alikuwa anaandika haraka haraka kwenye daftari. Zubeda hakumsikia alichouliza. Alikuwa amekaa sakafuni, miaka sitini imemtoka mkononi kama mwiba.

Masaki walifika jua linaelekea kuzama. Atupele alizipanga kili barazani, akaomba radhi mara ya nne. Njiani Bibi alikuwa amemwambia ule usia; sasa atalazwa juu ya nini siku hiyo ikifika?

Zubeda aliingia ndani akatoka na shazia ya mama yake, imeng'aa kwa kushikwa, akamwekea kiganjani.

"Bibi, mimi sijui kushona mkeka."

"Na mimi sikujua sehemu. Kili nane zina mishono saba, mwalimu wa hesabu, au nimekosea?"

"Hujakosea."

"Zibebe darasani kwako hapa Masaki. Kila ukipata mtoto aliyeelewa, rudi ushone mshono mmoja, na huyo mtoto akushikie uzi ajifunze. Usikimbilie, mimi bado nipo. Ila usinicheleweshe."