Daftari la Mfungwa Mwitaliano

Ijumaa asubuhi niliondoka Louisville kwa basi, na kusema kweli sikuondoka kwa moyo mweupe. Mdogo wangu Riziki, anayetunza wazee kule Buffalo, alikuwa amenipigia simu. Bibi mmoja anayemhudumia, Mama Tereza, ana daftari la marehemu baba yake, Mwitaliano aliyekuwa mfungwa wa Waingereza huko Tanganyika wakati wa vita. Ukurasa wa mwisho umeandikwa kwa Kiswahili, na mwandiko umemshinda Riziki. Mimi nilikuwa mwalimu katika kambi yetu ya wakimbizi kule Kigoma, basi niende nikausome.

"Si apige picha atume?"

"Hataki picha, kaka. Tena ameniuliza nyumbani tulikuwa wangapi."

Hapo nikaomba ruhusa kazini. Ninyi mliobaki Kigoma mnalijua swali hilo. Msilolijua naliandika kwa idhini ya Riziki, anayesema amechoka kujificha. Riziki hakuzaliwa kwetu. Dada yetu wa jina hilo alikufa kwa malaria, mama hakuripoti, jina likabaki kwenye kadi ya chakula. Baadaye jirani wa kike aliyehamia juzijuzi alifariki akaacha binti wa miaka mitano. Mama akamchukua, akampa nafasi ya marehemu na jina lake. Tulipoitwa kwenye usaili wa kuja Marekani, kila mtu alikariri: watoto wanne, usiongeze, usipunguze. Nilijua mtu akifukua habari hiyo, Riziki anaweza kupoteza uraia wake.

Mchana nilifika Columbus. Baba mdogo alinipeleka kwake Westerville, tukala ugali na dagaa wa Kigoma.

"Mzungu akitaka kujua Kiswahili, simu yake itamtafsiria," alisema. "Huyo anatafuta kitu. Soma, lakini usijibu. Na usitie sahihi popote."

Nilimwona ana busara kuliko mchungaji wetu.

Jumamosi jioni Buffalo ilinipokea kwa upepo wa ziwani uliopenya mpaka mifukoni. Riziki anakaa Lower West Side, mtaa ambao zamani ulijaa Waitaliano. Siku hizi ngazini unasikia Kiswahili cha Kivu. Jirani yake Mkongo alinidaka kabla sijatua begi.

"Karibu, kaka! Bon, ni weye mwalimu? Ule mama wa daftari iko anakungoya. Aliniuliza hata miye kama uko mutu wa kweli."

Kumbe ananichunguza mpaka kwa majirani!

Jumapili baada ya ibada tulikwenda kwa Mama Tereza, mtaa huohuo. Alitutazama kwanza kupitia mlango uliofungwa mnyororo, kisha akatuingiza, akamimina kahawa.

"Nyumbani mlikuwa wangapi?"

"Watoto wanne," nilijibu upesi.

"Wote wa mama mmoja?"

"Wanne."

Kwenye kikombe cha pili akauliza tena, kwa maneno mengine. Usaili mtupu! Biskuti zake sikuzigusa. Mwishowe akaleta daftari, akaniomba nisome kwa sauti. Kiswahili kilikuwa cha kuungaunga, lakini kilieleweka:

"Mimi hapana Pietro. Pietro nakufa kambi, homa. Yeye na barua ya mjomba Amerika, mimi hapana mtu. Mimi twaa barua, twaa jina. Jina yangu Saverio. Mke hapana jua. Mtoto hapana jua."

Riziki aliweka kikombe chini.

"Anasema nini?" Mama Tereza aliuliza. "Nina ndugu Afrika? Niambie. Nimeogopa kuuliza maisha yangu yote."

Kumbe maswali yale yote yalikuwa juu ya baba yake, kama aliacha mtoto wa mama mwingine huko kwetu! Niliona aibu.

"Nimwambie ni sala?" nilimnong'oneza Riziki.

"Sala gani? Msomee kama ilivyo, kaka."

Nikamtafsiria neno kwa neno.

"Saverio," akasema, kama anamwita mtu aliye chumba cha pili. Kisha akalia. "Kila mwaka nampelekea maua, na kwenye jiwe pameandikwa jina la mtu mwingine."

Jumatatu asubuhi Riziki alinisindikiza kituo cha basi. Hakuwa amelala vizuri.

"Kaka, mbona hujawahi kuniuliza?"

"Kukuuliza nini?"

"Jina langu."

Nimevuka majimbo nikimshuku bibi wa watu, nikijiona kaka bora anayelinda siri. Safari hii imenifunza kwamba tulimficha hata machoni petu wenyewe: aliishi nasi, alikula nasi, tukamlilia dada yetu mbele yake, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye ni nani. Dereva alikuwa ameanza kukusanya tiketi.

"Unaitwa nani?" nikamuuliza.

"Kaneza," alisema. "Mama yangu alikuwa akiniita Kaneza."