Ma Hellen na Ukuta wa Bondeni

Hellen Kokuhirwa alipokuja kukaa Kyamuzinga, tulisema mama huyu anaomba chumvi kama anayedai haki. Sauti ile aliipatia Goziba. Ujana wake wote aliumalizia kisiwani huko, akiendesha mgahawa wa mabati katikati ya kambi za wavuvi, na kule ukisema kwa upole hakuna anayekusikia. Kuna upepo, kuna injini za mitumbwi, kuna wanaume waliorudi mikono mitupu wanaotafuta mtu wa kumalizia hasira. Ma Hellen aliwalisha na aliwafokea, na walimheshimu kwa yote mawili. Mume alimpata huko huko, na huko huko ziwa likamchukua.

Aliporudi bara alinunua kiwanja bondeni, upande wa chini wa barabara iendayo Muleba. Akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, akapanda migomba nyuma, akajiunga na kwaya ya usharika wetu wa Kilutheri. Mwalimu wa kwaya alimweka mstari wa nyuma kabisa, karibu na mlango, ili wenzake nao wasikike.

Jirani yake alikuwa Mzee Ismail, fundi seremala, mtu mpole ambaye babu yake alitoka pwani na kuoa hapa. Hawa wawili hawakufanana kwa lolote ila walipatana. Sikukuu ya Idi Ma Hellen alikula kwa Ismail, na Krismasi Ismail alitumiwa ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwa nyama ya mbuzi aliyechinjwa na Mwislamu, maana Ma Hellen mwenyewe alihakikisha. Mzee alipopigwa na kiharusi akapooza upande mmoja, kila binti yake Shadya alipotoka kwenda sokoni, Ma Hellen alihamishia kigoda chake mlangoni kwa mgonjwa na kumenyea ndizi pale.

Kati ya nyumba hizo mbili ulipita mfereji. Ulichimbwa na wazazi wetu wakati Kyamuzinga bado ni kijiji. Mvua ya mlimani ilishuka, ikapita chini ya barabara kwenye kalavati, ikafuata mfereji hadi kwenye mafunjo huko chini, ikatulia. Hakuna aliyeufikiria mfereji ule, kwa sababu ulifanya kazi yake.

Kisha tukawa mji mdogo. Watu walioshindwa kupata viwanja Bukoba wakaanza kuja kwetu, wapima wakaja na vigingi vyao, tukapata baraza, tukapata mtendaji, tukapata ofisi yenye bendera. Tulipiga makofi. Nasema tulipiga makofi, mimi nikiwemo.

Mwaka wa pili wa mji wetu, mfanyabiashara wa kahawa aitwaye Rutaihwa alipata eneo lote la chini ya nyumba ya Ma Hellen. Akaleta mawe na saruji, akajenga ukuta mrefu wa kuzungushia ghala lake. Ukuta ulipofika kwenye mfereji haukuacha hata tundu la panya kupita. Ukaendelea mbele.

Ma Hellen alikwenda ofisini siku ile ile. Mtendaji alikuwa Byabato, kijana msomi, mwenye adabu ya mdomoni.

“Shikamoo mama. Karibu, kaa.”

“Sikai. Mmeziba njia ya maji.”

Byabato akafungua ramani mezani. “Mama yangu, katika mpango wa mji hapo ni eneo la biashara. Mfereji haumo.”

“Haumo kwenye karatasi. Uko kwenye ardhi. Njoo nikuonyeshe kwa miguu.”

“Tangazo lilibandikwa kwenye ubao, mama. Mwenye pingamizi alipewa muda wake, na muda umepita.”

“Ubao upi?”

Akaonyeshwa. Ubao ulikuwa ndani, mwisho wa korido, nyuma ya mlango ambao ukifunguliwa unaufunika. Ma Hellen aliutazama ubao, akamtazama Byabato, akasema neno la Kigoziba ambalo siwezi kuliandika hapa.

Kutoka hapo alikwenda kwa Mwesiga, mwenyekiti wa kitongoji chetu na mjumbe wa baraza. Mwesiga ni mtoto wa kaka yake. Ma Hellen ndiye aliyemsomesha sekondari kwa samaki wa kukausha, na jambo hilo kila mtu analijua, kwa hiyo alikwenda bila wasiwasi. Alimkuta anakunywa lubisi, pombe ya ndizi, na wenzake.

“Mwesiga, barazani ulisemaje juu ya ukuta?”

“Shangazi, tuliulizwa nani anapinga maendeleo. Ungekuwa wewe ungenyoosha mkono?”

“Yote miwili.”

Wenzake wakacheka. Mwesiga naye akacheka kidogo, kisha akaona uso wa shangazi yake, akaacha. Tangu siku ile Ma Hellen hakumwamkia wala hakuitikia salamu yake. Alipokutana naye njiani alipita kama anayepita kigingi.

Hakukoma. Alihudhuria vikao vya baraza, pale wananchi wanaporuhusiwa kukaa nyuma na kusikiliza lakini si kusema. Alisema. Mara ya kwanza alionywa. Mara ya pili mgambo walimshika mikono wakamtoa nje, na kanga yake ikaanguka mlangoni, na wajumbe wetu hawa, watoto tuliowazaa na kuwalea, walitazama mafaili yao. Alipoandika malalamiko alijibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Tukaanza kumchoka, huo ndio ukweli. Tulisema Ma Hellen amezidi. Tulisema hasira itamuua.

Haikumuua yeye.

Ilikuwa Aprili, siku ya gulio, saa za mchana. Mlima ulifungwa na wingu jeusi, na mvua iliposhuka ilikuwa kama mtu anamwaga pipa. Maji yakapita chini ya barabara kama kawaida yake, yakafuata mfereji kama kawaida yake, yakaukuta ukuta. Yakageuka. Yalipogeuka yalikuwa na matope, magogo, na kuku wa watu.

Ma Hellen alikuwa kwake. Alipoona maji yanaingia chini ya mlango hakuokoa godoro wala redio. Alivuka uani, maji yakiwa magotini, alipofika kwa Ismail yalikuwa kiunoni, na mlango ulikuwa umebanwa na uzito wa maji usifunguke. Alivunja dirisha kwa mchi. Alipoingia alimkuta mzee anaelea na godoro lake, upande wake mzima umeshika kitanda, upande mwingine unazama. Akambeba. Mwanamke wa zaidi ya miaka sitini akambeba mwanamume, akamlaza juu ya meza kubwa ya mvule ambayo mzee aliitengeneza kwa mikono yake, naye akapanda, akamshika kichwa mapajani.

“Hellen,” mzee alisema kwa ulimi wake mzito, “Shadya yuko wapi?”

“Yuko sokoni, yuko juu, yuko salama. Nyamaza, usimeze maji.”

Akapiga kelele. Sauti ile tuliyoilalamikia kila siku ndiyo iliyotufikisha. Tuliisikia tukiwa barabarani, tukashuka na kamba. Tuliwatoa wote wawili kupitia paa. Lakini mzee alikuwa ameshaingiwa na maji na baridi kifuani. Hakumaliza juma hospitalini.

Tulimzika siku hiyo hiyo alipofariki, kama dini yake inavyotaka. Baada ya mazishi tukakaa msibani, juu ya mikeka na majani makavu ya migomba. Wakaja watu wa ofisi, wamevaa suti, na Rutaihwa yuko nyuma yao na mchele wa kufiwa. Byabato akasimama kutoa rambirambi.

“Kwa niaba ya baraza, tunampa pole Shadya na familia. Mzee wetu tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi. Haya ni mapenzi yake, hakuna binadamu angeweza...”

“Mungu hakujenga ukuta!”

Ma Hellen alikuwa amesimama upande wa wanawake. Mkono wake ulikuwa bado umefungwa bendeji kwa sababu ya vioo vya dirisha.

“Mungu hajawahi kuja ofisini kwako kuomba kibali. Alikuja Rutaihwa, huyo hapo na mchele wake. Mlinyoosha mikono. Niliwaambia maji yatarudi, mkanitoa kama mlevi. Sasa mnamsingizia Mungu, msibani, mbele ya mtoto wa marehemu?”

Watu waliinamisha vichwa. Mtu mmoja akambembeleza, “Ma Hellen, waitu, tuko kwenye msiba.” Wengi walimtazama Shehe Ayubu, wakitegemea yeye ndiye atamnyamazisha. Shehe alikuwa anapitisha tasbihi vidoleni.

“Mwacheni amalize,” alisema.

Lakini alikuwa amemaliza. Alikaa chini. Byabato naye akakaa. Shadya akaomba mchele wa Rutaihwa urudishwe kwenye gari.

Jumatatu asubuhi, jua limeshatoka na watoto wanakwenda shule, Ma Hellen alishuka bondeni na nyundo kubwa ya wapasua mawe. Mlinzi wa ghala akamuuliza anataka nini.

“Piga simu polisi. Sema ni Hellen Kokuhirwa, usikosee jina.”

Akaanza kupiga. Nyundo ilikuwa nzito na mkono wake ulikuwa haujapona. Alipiga, akapumzika, akapiga. Jiwe la kwanza lilipotoka, Magdalena, mke wa katekista, alishuka na sururu. Kisha wakaja wengine, wanawake kwanza, halafu sisi wanaume kwa aibu. Hakuna aliyeimba wala kupiga vigelegele. Kila aliyepiga alionekana kuna mtu anamfikiria. Mwesiga alikuja akasimama juu barabarani, mikono mifukoni, hakushuka.

Polisi walipofika, ukuta ulikuwa na pengo la kupitisha gari.

“Nani kafanya hivi?”

“Mimi,” akasema Ma Hellen.

“Na nani?”

“Peke yangu.”

Askari akatutazama, tumejaa vumbi kuanzia nywele hadi miguuni. Akamfungulia Ma Hellen mlango wa gari, hakuuliza tena.

Katika mahakama ya mwanzo alikiri kuvunja, akakataa kuomba msamaha. Hakimu alitafakari sana. Mwishowe akamhukumu kutumikia jamii badala ya kwenda gerezani: kufagia na kusafisha ofisi ya mji mdogo, kila asubuhi, kwa miezi sita. Waliokuwa upande wa Rutaihwa walicheka wakitoka. Mwanamke mzima, tena mwanakwaya, kumfagilia Byabato!

Wakaja kujuta. Ma Hellen alifika kabla ya mtu yeyote na alianzia mlangoni kwa mtendaji.

“Shikamoo mama,” Byabato alisema kila siku, maana hakuwa na namna.

“Shadya hana baba,” Ma Hellen alijibu kila siku badala ya marahaba, na kuendelea kufagia.

Wananchi wenye shida zao wakaanza kumuuliza yeye mambo, kwa kuwa alikuwepo nje na wengine walikuwa kwenye semina. Alipodeki korido aliung'oa ubao wa matangazo akautundika nje, kwenye kibaraza chenye jua. Byabato akaamuru urudishwe ndani. Asubuhi yake ulikuwa nje tena. Wakavutana hivyo hadi Byabato akachoka, na tangu hapo tukawa tunasoma kinachokuja kabla hakijatukuta.

Habari za mafuriko zilipofika juu, walikuja wahandisi. Walipima, wakatikisa vichwa, wakaagiza ukuta usizibwe. Mfereji ukajengwa upya kwa mawe, mpana kuliko ule wa wazazi wetu. Ni mfereji mzuri. Rutaihwa aliacha pengo lake na ghala lake linaendelea na kazi. Byabato alihamishwa kwenda wilaya nyingine, akaagwa kwa sherehe, akapewa mbuzi na hotuba. Hakuna hata mmoja, kuanzia ofisini hadi barazani, aliyekwenda kwa Shadya akasema: tulikosea.

Uchaguzi wa vitongoji ulipokaribia tulimfuata Ma Hellen tukamwomba agombee. Alitukatalia kabla hatujamaliza kusalimia.

“Nikikaa upande ule nami nitajifunza kusema suala lako linashughulikiwa. Mchagueni Benadetha. Mimi nitakaa nyuma, nimtazame.”

Benadetha, mwalimu wa shule ya msingi, akamshinda Mwesiga kwa kura nyingi.

Siku chache baadaye Mwesiga alishuka bondeni kwa bodaboda, amebeba mkungu mkubwa wa ebitoke. Akautua uani kwa shangazi yake. Mimi nilikuwa pale natengeneza paa lake, na niliona yote.

“Shangazi, nimekuja. Nisamehe.”

Ma Hellen alikuwa anaanika maharage. Hakuinua kichwa.

“Mimi hukuniulia mtu. Nenda kwa Shadya.”

“Niliogopa, shangazi. Wote walinyoosha mikono.”

“Mwambie hivyo Shadya. Mlango wake si ule pale?”

Ulikuwa hatua chache tu, ng'ambo ya mfereji mpya, na ulikuwa wazi. Shadya alikuwa ndani, tulisikia sufuria. Mwesiga aliutazama mlango ule. Kisha akageuka, akapanda nyuma ya bodaboda, akamgusa dereva begani, wakaanza kupandisha barabarani.

“Mwesiga!” Ma Hellen alipaza sauti, na nadhani hata waliokuwa kanisani waliisikia. “Kwa Shadya ni huku! Mwesiga!”

Hakugeuka.

Ma Hellen alirudi kwenye maharage yake. Nikamwuliza kama nimrudishe kijana. Akasema niendelee na paa. Akainama, akaubeba mkungu begani, akavuka nao mfereji kwa Shadya. Wakakaa mlangoni wawili hao, wakaanza kumenya ndizi.