Namba ya marehemu

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Bukoba. Mbele yangu walisimama wajane wawili wa mwanajeshi aliyepigana Vita vya Kagera. Walitoka Rubya kuulizia medali ambayo marehemu hakuwahi kuichukua.

Karani aliwaambia walete cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo unaomtaja atakayeipokea. "Medali ni moja, mama zangu."

"Mimi ndiye niliyemuuguza," mke mdogo aliwahi.

Mke mkubwa alitazama dirishani.

"Namba yake ya jeshi?" karani aliuliza.

Mke mdogo alifungua pochi, akaifunga. Mwenzake alifumba macho, akaitaja yote bila kusita. "Nilikuwa naiandika kwenye kila barua niliyompelekea vitani."

Mke mdogo alimgeukia. "Waitu, jamani, mimi hakuniambia hata kama ana namba." Kisha akamwinamia karani. "Medali mwandike yeye. Hiyo namba niandikie mimi."

Nilitaka kucheka, lakini nikajikuta namwonea wivu marehemu. Jioni nilimuuliza mke wangu namba yangu ya simu. Akachukua simu yake kuitafuta.