Siku Kipaza Alipokataa Kufukuza Watu

Walimwita Kipaza, na wengi walishasahau jina lake halisi. Zamani aliuza nyanya sokoni, na sauti yake ilisikika mpaka kituo cha mabasi. Siku moja meneja wa bustani ya michezo alikuja kununua, akacheka, akamwambia, "Mama, sauti hii unaimalizia kwenye nyanya?" Haikuchukua muda akawa amesimama juu ya kiti getini, kipaza sauti mkononi, anakaribisha watu.

Bustani ile ilikuwa ya kwanza ya kampuni yao, na ndiyo iliyoipa kampuni jina. Ilikuwa na gurudumu kubwa lililoonekana mji mzima, farasi wa mbao wa kuzunguka, na treni iliyopanda juu kisha ikaporomoka huku watu wazima wakiita mama zao. Kipaza aliipenda kazi yake. Mumewe, fundi viatu, alimtania, "Hapa nyumbani punguza sauti, hatuna foleni."

Lakini mji ulikua, bustani ikabaki vilevile. Kila sikukuu, jua halijafika utosini, ilikuwa imejaa pomoni, na Kipaza akageuka mtu wa kufukuza. "Samahanini ndugu zetu, nafasi imekwisha." Watoto waliovalishwa nguo mpya waliangua kilio. Nyuma ya ukuta kiwanja kikubwa cha kampuni kiliota nyasi tu, kwa kuwa fedha zote zilikwenda kwenye vibustani vya michezo ambavyo kampuni ilivifungua ndani ya maduka makubwa.

Kipaza alilisema hilo kila kikao.

"Kujaa ni sifa," meneja alimjibu. "Anayekosa leo atakuja kesho."

"Haji, bosi. Sura zao nazijua. Haji."

Sikukuu moja alipanda kwenye kiti, akaona foleni imekata kona ya barabara. Akashuka, akaenda moja kwa moja ofisini, akakiweka kipaza sauti mezani kwa meneja.

"Bosi, leo kawaambie wewe."

"Umeichoka kazi?"

"Kazi naipenda. Kufukuza watu ndiko kumenishinda."

Meneja alicheka, Kipaza hakucheka. Basi meneja akavaa koti, akatoka kama mtu anayekwenda kumaliza jambo dogo. Alikuwa hajawahi kuiona foleni kutoka juu ya kiti kile. Akakohoa.

"Ndugu wateja, bustani imejaa. Tunaomba mje siku nyingine."

Binti mdogo aliyebebwa begani na baba yake akauliza, "Siku gani?"

Baba mtu akajibu badala ya meneja, "Twende zetu, mwanangu. Hata mwaka jana walitwambia hivihivi. Hapa haturudi tena." Nyuma yao familia moja baada ya nyingine zikaanza kuondoka.

Sikukuu iliyofuata meneja aliwaleta wakurugenzi, akawapandisha kitini mmoja mmoja, huku Kipaza amekishikilia kisiyumbe. Mkurugenzi mmoja akanung'unika kwamba vibustani vya madukani vina gharama ndogo.

"Hivyo vinaishi kwa jina la hapa," meneja akamwambia. "Na kila tunayemrudisha anaondoka na kipande cha jina hilo."

Ubishi ulikuwa mkali, lakini mwisho wake fedha zilitoka. Matrekta yakaingia kwenye nyasi, ukuta ukavunjwa, likajengwa geti la pili, mabwawa ya kuteleza na kutumbukia majini, na treni mpya ndefu kuliko ile ya zamani.

Siku ya ufunguzi foleni ilikata kona kama kawaida. Kipaza akapanda, akavuta pumzi. "Karibuni nyote! Nafasi ipo! Ipo!" Watu wakapiga makofi na vigelegele, wakaingia, wakaingia tena, na hakuna aliyerudishwa. Meneja akamsogelea. "Mama, kuanzia leo mageti yote yako chini yako. Sasa toka hapo, ukacheze."

Mumewe alikataa katakata kupanda treni mpya, mpaka alipomwona bibi kizee anateremka huku akidai kupanda tena. Aibu ikamsukuma. Wakapanda, wakapiga kelele, wakashuka wakicheka wote wawili.

"Turudi?" Kipaza akauliza.

Mume alishatangulia kwenye foleni.