Kadi Iliyowekwa kwa Moshi

Mama Kavuo wa Kalunguta hakuwa mutu wa kuomba. Hata vita ilipomuleta Butembo na fundo moja kichwani, aliingia kwa binti yake Nadège kama mutu aliyekuja kutembea tu, na mpaka leo bado anasema "nikirudia kwangu". Lakini asubuhi ile alimufuata mukwe wake Henri kwenye kibanda chake cha kutengeneza telefone, akakaa kwenye kiti cha wateja, akafungua pembe ya kitenge na kutoa kadi ya telefone, ndogo kuliko ukucha.

— Papa Ariel, akamuita kwa jina la mutoto wake, munitolee sauti ya muzee humu.

Muzee ni Josaphat, bwana yake. Amelala kule Kalunguta, na hakuna anayefika kupalilia kaburi lake. Picha zake zilibaki ndani ya nyumba, na nyumba, haya, tuiache. Iliyotoka ni sauti tu, maana Nadège aliishika kwa telefone siku moja ya kuvuna kahawa, akamupa mama yake kadi aitunze. Kavuo aliona ni sawa na kuwa na muzee mwenyewe mufukoni, hakuwa na haraka ya kuisikiliza. Sasa asubuhi zingine aliamka, akaitafuta ile sauti kichwani, isimujie. Hilo ndilo lilimutoa nyumbani.

Henri akaingiza kadi kwenye mashini. Kwenye kioo, kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka tu.

Tamar, anayeuza unités za kupigia telefone pale mulangoni, akachungulia.

— Mama Kavuo, hiyo kitu inaweza kubeba Biblia mia, mais ukipiga chafya tu, imepotea.

Ili mama asikae akikodolea kile kiduara, Henri akaanza kumusimulia habari alizosoma za watu wa kale.

— Bale ba zamani sana, mama, balikuwa banaandika na kijiti juu ya udongo mubichi, kisha banaukausha.

— Na nyumba ikiungua?

— Udongo unaiva zaidi. Unakuwa kama matofali.

— Bon, hao balikuwa na akili. Mais siku ya kukimbia? Niweke matofali kichwani, na mutoto mugongoni?

— Bengine baliandika kwa ngozi ya kondoo.

— Kondoo ngapi kwa kitabu moja?

— Karibu kundi nzima.

— Josaphat angelia machozi! Na imbwa ya jirani ingekula Mathayo mpaka Yohana, iache Ufunuo juu ya kushiba.

— Na mafunjo, mama? Yale ya mabonde ya maji. Balikuwa banayapasua, banayabandika, banaandika juu.

— Na hii mvua ya Butembo? Kuvu itaisoma mbele yako.

Tamar alikuwa amekwisha kuacha wateja wake.

— Si ninyi mulisomea kwa ardoise, ile kibao ya jiwe, mama?

— Ardoise ni muzuri, haiombe courant ya umeme. Lakini somo ya leo inakula ya jana. Unatema mate, unafuta na mukono wa nguo, na mwalimu anakupiga juu umesahau. Sisi tulikuwa tunaandikaka pia na mwiba juu ya jani ya mugomba. Maandiko yanageuka nyeusi, muzuri kabisa. Kisha mbuzi anapita.

— Kumbe mbuzi ndiyo ilikuwa virusi yenu!

Hata Henri alicheka. Kisha akatazama kioo, na kicheko kikamukauka mudomoni. Akatoa kadi, akaipangusa, akairudisha. Akajaribu mashini ingine.

— Mama, hii kadi mulikuwa munaiwekaka wapi?

Kavuo akainua kichwa. Swali hilo alilipenda.

— Pale tunawekaka mbegu.

Kwao, mahindi ya kupanda hayawekwi kwenye sanduku. Yanafungwa fundo na kutundikwa juu ya moto wa jiko, moshi uyapige kila siku, mududu asiyatoboe. Chenye moshi umekishika hakiozi, kila mama wa Kalunguta anajua hivyo. Kavuo aliiviringisha kadi katika kitambaa, akaiweka katikati ya mahindi, musimu juu ya musimu. Na siku ya kukimbia, fundo lile ndilo mukono wake ulirukia kwanza. Sanduku lilibaki.

Henri aliangalia chini.

— Moshi imeikula, mama. Moshi na joto. Hakuna tena kitu ndani.

Kavuo akafunga tena pembe ya kitenge, tupu.

— Mahindi ya fundo lile niliipanda nyuma ya nyumba yenu, akasema. Iliota yote.

Tamar akarudi mulangoni polepole. Henri akachukua telefone yake mwenyewe.

— Muzee alikuwa anasema nini mule? Mumuigize, mama, niishike.

Kavuo akaeleza. Josaphat alikuwa kwenye kilima cha kahawa, yeye huku nyumbani kwenye moto, na kati yao bonde. Njaa ikimushika, muzee anaita kama bugali imeiva. Kavuo akasimama, akaweka mukono pembeni ya mudomo, akaita vile. Ikatoka sauti ya mwanamuke. Akaishusha chini, ikawa ya pasta mwenye mafua. Hakuna aliyecheka.

— Hapana. Huyu siye yeye.

— Na ninyi, mulimujibu namna gani?

Hiyo hakuitafuta kichwani. Aligeukia mulango, upande barabara inaenda Kalunguta, akajaza kifua, akamuita aje kula.

— Imeiva zamaniii! Kuyaaa!

Wenye pikipiki barabarani wote wakageuka. Telefone ya Henri ilikuwa inaendelea kushika. Kavuo hakukaa. Alibaki vilevile, mukono pembeni ya mudomo, sikio lake linalosikia vizuri limeelekea nje, maana Josaphat alikuwa na tabia ya kujifanya hakusikia, ili bibi yake aite mara ya pili.